Kitanda cha Bolti

Mtu aliyetaka kitanda cha maana pale Nakawa, Kampala, kitanda kisicholia wala kuyumba, aliambiwa amwone Mkongo. Mkongo mwenyewe alikuwa Bisimwa, mtu wa Bukavu, mrefu, mwembamba, mwenye penseli sikioni hata Jumapili kanisani. Miaka sita alikuwa fundi katika karakana ya mzee Abdunoor kando ya barabara, na kwa miaka hiyo alitengeneza vitanda vya kila aina ya binadamu: vya maharusi, vya wanafunzi wa bweni, vya matajiri wa kule juu Naguru, hata kimoja cha mchungaji mnene kilichowekewa miguu sita badala ya minne, mtumishi wa Mungu asije akatua chini na Biblia yake.

Na yeye mwenyewe, fundi huyu, alilala chini. Godoro la futi tatu kwa sita, unene inchi sita, limetandikwa juu ya saruji tupu.

Usicheke upesi. Jambo lilikuwa na sababu yake, na sababu ilikaa kwenye mfuko wa shati lake: simu. Miaka minne nyuma watu wa ofisi ya wakimbizi walimhoji mara mbili habari ya kuhamishiwa nchi ya mbali. Waliandika, wakagonga mihuri, wakamwambia, tutakupigia, usizime simu. Basi Bisimwa hakuizima. Alikwenda nayo chooni. Alikwenda nayo bafuni akiwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Namba ngeni ikiita, mwili mzima ulimsisimka, akajibu kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, na kila mara akakuta ni mteja anauliza kitanda chake kimefikia wapi.

Tena kanisani kwao kulikuwa na imani ambayo haimo kwenye Biblia yoyote. Wakongo wenzake walisema mtu akishanunua vyombo vizito, simu haiiti tena. Na mifano walikuwa nayo mkononi. Aristide alilala mkekani miaka mitatu, hana kabati, hana meza, na siku moja akapigiwa; leo anatuma picha za theluji mpaka watu wamechoka kuzitazama. Pitshou naye alinunua makochi ya watu saba, na mpaka leo amekaa juu ya makochi hayo hayo anangoja. "Umeona?" waliambizana. Ukiwauliza Pitshou alikuwa amengoja miaka mingapi kabla ya kununua hayo makochi, unaambiwa huna imani.

Kwa hiyo Bisimwa alipomwoa Benedicte, msichana wa Bukavu vilevile, muuza vitenge sokoni Nakawa, alimweleza mapema. "Kitanda ni cha mtu anayekaa," alimwambia. "Sisi tunapita." Benedicte alikuwa anampenda, akaona ni mambo ya miezi mitatu, minne. Ikawa miaka miwili. Walipanga muzigo, ndivyo Kampala wanavyoita nyumba ya chumba kimoja, chini ya kilima cha Naguru, hatua tano ukuta hadi ukuta. Kila kitu walichokuwa nacho kingeingia kwenye mabegi mawili. Ungedhani wamekuja jana na kesho wanaondoka.

Halafu akaja Bénit.

Hapo ndipo hesabu ya godoro ilipokataa. Mama alilala upande wa ukutani, mtoto katikati, baba pembeni, mguu mmoja kwenye godoro na mmoja kwenye saruji. Benedicte alilala jicho moja wazi. Bisimwa alikuwa mtu wa kulala fofofo, mtu anayeshinda na randa na msumeno tangu asubuhi, ukimwamsha lazima umwite jina lake na la baba yake. Na akilala anarusha mikono kama vile bado anapiga randa.

Mtoto alipopelekwa chanjo, nesi wa kliniki aliuliza swali dogo tu: mtoto analala wapi? Benedicte akasema ukweli. Nesi akaweka kalamu chini. Akasema mtoto alale chali, mahali pake mwenyewe, karibu na mama lakini si katikati ya watu wazima wawili waliochoka. Pasiwe na mto wala blanketi zito, na pasiwe na pengo anapoweza kutumbukia. Benedicte alirudi akamweleza mume wake neno kwa neno. Bisimwa aliitikia kila neno, akasema atafikiria. Kufikiria! Mtu ana nyundo, ana msumeno, anasema atafikiria.

Alfajiri moja kufikiria kulikwisha. Aliamka akakuta mkono wake mwenyewe, mzito, umelala juu ya nguo aliyovaa mtoto. Mtoto hakuwa na neno. Alikuwa macho, ananyonya ngumi, anamtazama baba yake. Bisimwa aliutoa mkono ule polepole, akatoka nje, akakaa kizingitini mpaka jua likatoka. Alijiogopa. Siku hiyo akatandika mkeka karibu na mlango akasema atalala huko.

Mkeka nao haukudumu. Mvua za Aprili zilianza, maji yakawa yanapita chini ya mlango yanaingia bila hodi, na mkeka ukaamka umelowa na mwenye mkeka naye amelowa. Ndipo Bisimwa alipomwambia mzee Abdunoor kwamba anaona mbao zinaibiwa usiku, na kwamba yeye yuko tayari kulala karakanani kuzilinda. Mzee Abdunoor hakuwa mjinga. Lakini alimpa ufunguo.

Basi kuanzia hapo fundi alilala juu ya vitanda vya watu. Leo kitanda cha bibi harusi, kesho cha juu na chini cha bweni, kesho kutwa kitanda cha mzee fulani chenye kichwa kilichochongwa simba. Asubuhi kinachukuliwa, jioni anatafuta kingine. Mzee Abdunoor alimtania kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Bisimwa, wewe nalala kwa kitanda ya watu kama kabaka, na bibi yako nalala chini. Dunia iko mbaya!" Bisimwa alicheka, lakini utani ule alikwenda nao nyumbani.

Na jirani? Jirani alikuwepo. Aoko, Mkenya wa Kisumu, msusi, anasukia watu nywele kwenye baraza ya nyumba yao, na kazi ya msusi inaacha macho na mdomo huru. Wiki mbili alimwona Bisimwa akirudi saa kumi na mbili asubuhi. Wiki ya tatu akashindwa. "Mama Bénit," akasema, "mimi sipendi kuingilia nyumba za watu. Lakini mwanaume analala nje kila siku, anarudi na vumbi ya mbao kwa nywele. Hiyo vumbi anapakwa na nani?"

"Na mbao," Benedicte akamjibu.

Aoko akacheka mpaka kitana kikaanguka. Benedicte naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Hakumshuku mume wake hata kidogo. Alikuwa amechoka tu. Wiki tatu usiku kucha yuko peke yake na mtoto, akisikia maji yanapita mlangoni, akiogopa kusinzia, akiogopa kugeuka. Mwanamke akifikia hapo hahitaji mwanamke mwingine wa kumwonea wivu. Anahitaji usingizi.

Jumatano asubuhi Bisimwa alirudi na mandazi yamefungwa kwenye gazeti. Alimkuta Benedicte amekaa juu ya godoro, mtoto begani, macho mekundu.

"Esperance anakuja Jumamosi," akasema Benedicte. Esperance ni dada yake mkubwa, anakaa Kasubi, upande wa pili wa jiji, ana vyumba viwili na kitanda cha ziada. "Anakuja kutuchukua mimi na mtoto."

Bisimwa alishika mandazi yake kama mtu aliyeambiwa ayashike. "Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Hunipigi, hulewi, hunifichi kitu. Lakini usiku ni wangu peke yangu, Papa Bénit. Mume wangu analala Nakawa juu ya kitanda cha bibi harusi wa mtu mwingine, na mimi niko hapa namlinda mtoto asilowe. Nitaenda nilale kidogo. Nikipata nguvu nitarudi."

"Utarudi lini?"

"Sijui."

Hilo "sijui" ndilo lililomchoma. Bisimwa alimjua Esperance vizuri. Mwanamke mwema, mkono wazi, na nyumba yake ukiingia hutoki. Wiki mbili zitakuwa miezi miwili. Bénit atajifunza kucheka Kasubi, atajifunza kukaa Kasubi, na baba yake atakuwa mtu wa kuja Jumapili na mfuko wa sukari. Mtu anapoteza nyumba yake hivyohivyo, bila ugomvi, bila sahani kuvunjika.

"Lakini tukipigiwa simu kesho?" akasema.

Benedicte alimhamishia mtoto bega la pili. Hakukasirika, na hapo ndipo palipokuwa pabaya. "Tukipigiwa tutaenda," akasema. "Nani amekataa kwenda? Lakini Bénit hajui kama sisi tunapita, bwana yangu. Yeye ameshafika. Amefika hapa, chumba hiki, na hana pa kulala. Na baba yake ndiye anayelaza Kampala nzima."

Bisimwa aliweka mandazi chini, akaenda kazini bila kula.

Siku hiyo alikata ubao ukawa mfupi. Katika miaka sita hakuwahi kukata ubao ukawa mfupi. Mzee Abdunoor aliuokota, akaupima kwa macho, akauliza, "Nani amekufa?" Bisimwa akamwaga yote: Esperance, Jumamosi, nesi, mkono wake juu ya nguo ya mtoto, na simu. Alieleza pia habari ya Aristide na mkeka, na ya Pitshou na makochi.

Mzee Abdunoor alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Simu inazuiwa na kitanda? Wallahi! Basi mimi hapa, na vitanda hii yote, hata mtoto yangu hawezi kunipigia!" Alipofuta machozi akaonyesha kona ya karakana, kulikokuwa na mbao za mugavu, nyekundu, ngumu, zilizoachwa na mteja aliyepotea mwaka mzima. "Chukua. Jumapili mbili utanipigia vanishi. Na wewe sikia, Bisimwa. Mwanamke akisema anaenda kulala kwa dada yake, hiyo si maneno ya kufikiria."

Bisimwa alichukua mbao. Lakini mtu haachi hofu ya miaka minne kwa kuchekwa mara moja, na hapo akajidanganya kifundi. Alisema moyoni: nitatengeneza kitanda, ila kitakuwa cha bolti. Hakuna msumari, hakuna gundi. Kila kiungo bolti na nati. Siku simu ikiita, spana moja, robo saa, na kitanda kinageuka fungu la mbao begani. Kitanda kama hicho si chombo kizito. Kitanda kama hicho hata hakihesabiki. Sijui alidhani nani anahesabu.

Alichora juu ya kipande cha plaiwudi. Kitanda cha tatu kwa sita cha wakubwa, na ubavuni mwake kitanda kidogo cha mtoto, pande tatu zina ukingo, upande wa nne, ule wa mama, uko wazi. Mama ananyoosha mkono tu, mtoto huyu hapa. Mtoto ana mahali pake, baba ana mahali pake, na mkono wa baba hauna njia ya kupita isipokuwa upande mwili wa mama kwanza. Alhamisi na Ijumaa alifanya kazi ya wateja mchana na yake jioni. Kitanda kidogo alikipiga msasa mara sita, na kila mara alikijaribu kwa shavu lake mwenyewe, asiache hata kibanzi kimoja. Mzee Abdunoor alimwona amelaza shavu juu ya ubao amefumba macho, akaondoka kimyakimya.

Jumamosi asubuhi mkokoteni ulisimama mbele ya nyumba. Esperance alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa mlangoni, begi alilokuja nalo limeshajazwa vitu vya mtoto na kufungwa miguuni pake, na Aoko alikuwa anasuka mtu barazani lakini kiti amekigeuza kutazama mlango wao.

"Nisubirini," Bisimwa akasema, jasho linamtoka. "Saa moja tu. Nawaomba saa moja."

Esperance alimtazama mdogo wake. Benedicte, mtoto mkononi, alikuwa anatazama mbao za mkokoteni. Alipitisha kidole juu ya ubao mmoja, akasikia ulivyo laini, akasema, "Asubiri."

Waliinua godoro. Chini yake saruji ilikuwa na alama ya mstatili, kama picha iliyotolewa ukutani. Bisimwa alifunga matendegu, akafunga mbao za ubavuni, akapanga chaga, akakaza bolti moja baada ya nyingine, na kitanda kikasimama. Kilikuwa kizuri, tusimnyime haki yake. Hata Aoko aliacha nywele za mteja wake nusu akaja kuchungulia. Wakaweka godoro juu. Benedicte akatandika shuka. Kisha wote wakatazama kitanda cha mtoto.

Kitanda cha mtoto kilikuwa chini. Inchi tano nzima chini ya godoro.

Loo! Fundi wa vitanda, miaka sita, hakuwahi kuuza godoro. Godoro mteja anajinunulia mwenyewe dukani. Kwa fundi, kitanda kinaishia kwenye chaga, na Bisimwa alisawazisha chaga na chaga kwa ustadi mkubwa, akasahau kwamba juu ya chaga za mama kunakuja godoro la inchi sita, na juu ya chaga za mtoto kunakuja kijigodoro chembamba. Ni kosa la mtu ambaye ametengeneza vitanda mamia na hana hata kimoja cha kwake.

"Hiki ni kitanda ama ni ngazi?" akauliza Esperance.

Masikio ya Bisimwa yaliwaka. "Nakipandisha," akasema. Akafungua bolti, akatoboa matundu mengine juu ya yale ya kwanza, mbao zikimwaga unga mwekundu sakafuni. Nusu saa nyingine. Esperance akaangalia jua. Mtoto akalia, akanyonya, akatulia. Sasa vitanda vikawa sawasawa, godoro na kijigodoro kama meza moja. Bisimwa akajifuta uso, akamtazama mke wake kama mwanafunzi anayesubiri maksi.

Benedicte hakumlaza mtoto. Alimpa Esperance amshike, akapanda kitandani, akalala ubavu, akanyoosha mkono kama mama anayemvuta mtoto wake anyonye. Kitanda kidogo kikasogea. Kidogo tu. Pengo likafunguka kati ya godoro na kitanda cha mtoto, na Benedicte akaingiza mkono wake pale, ukaingia mpaka kifundoni.

"Nesi alisema pasiwe na pengo," akasema taratibu.

Bisimwa akashika spana, akakaza. Akaomba ajaribu tena. Pengo likafunguka tena. Akakaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Pengo likafunguka tena. Matundu mapya yalikuwa karibu mno na ya zamani, bolti zinacheza. Lakini hakuwa mjinga wa kazi yake, alijua kwamba hata bila matundu hayo zingecheza tu. Kitu kilichofungwa ili kifunguke upesi hakikazi. Maneno hayo aliwaambia wateja wake kila siku, mteja akitaka cha rahisi.

Esperance akasimama, akatundika begi begani. "Twende, Benedicte. Jua linapanda, na Kasubi si hapa."

Bisimwa alisimama na spana yake kama mtu aliyekamatwa.

Benedicte hakushuka kitandani. "Papa Bénit," akasema, "hivi ndivyo unavyomfanyia mteja?"

"Hapana."

"Mteja unamfanyiaje?"

"Gundi na misumari."

"Na sisi?"

Bisimwa aliutazama mlango. "Nikipiga msumari hakitoki tena humu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeungama. "Vyote viwili vikiungana havipiti mlangoni. Kitabaki humu."

"Basi kibaki."

"Na tukiitwa?"

"Mkiitwa," Aoko akadakia kutoka mlangoni, kitana kimesimama hewani, "hicho kitanda narithi mimi! Nendeni hata leo! Mimi nitalala hapo na nitawaombea, jameni, mgongo wangu uko na miaka ishirini ya kusimama!"

Esperance ndiye aliyeanza kucheka, begi bado begani. Mteja wa Aoko aliyesukwa nusu naye akacheka. Benedicte akaficha uso kwenye shuka, mabega yanamtikisika, na Bisimwa alipoona mabega yale alicheka pia, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, palepale kwenye alama ya godoro. Miaka minne alikuwa amebeba simu ile kama yai. Kumbe kitanda kinaweza kubaki na mtu akaenda. Mtu mwingine atalala. Si ndivyo vitanda vyote alivyotengeneza vilivyokuwa?

Akainuka, akavua shati maana joto lilikuwa limezidi, akalitundika ukutani. Benedicte akashuka kitandani, na mume wake akazitoa bolti zote kumi na mbili, akaziweka kwenye kopo. Akapaka gundi kwenye viungo, akachukua mbao mbili ndefu zilizobaki, akazipitisha chini ya vitanda vyote viwili vikawa kitu kimoja. Misumari minne akaibana kwa midomo, nyundo mkono wa kulia, mkono wa kushoto na goti vimesukuma kitanda cha mtoto kigande kwenye cha mama.

Simu ikaita.

Iliita ndani ya shati, ukutani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne simu hiyo kuita mbali na mwili wake. Aoko akashusha kitana. Esperance akashusha begi, maana hata yeye alijua habari ya simu hiyo, nani asiyeijua? Benedicte akaichomoa mfukoni, akaitazama. "Namba ngeni," akasema.

Bisimwa alimtazama mke wake, misumari mdomoni. Gundi ilikuwa inashika. Akiachia sasa pengo litarudi, na safari hii litakaukia hapohapo. Simu iliita mara ya tatu, mara ya nne. Jasho lilimtiririka puani na hakuweza kulifuta. Akatikisa kichwa. Hapana.

Benedicte akabonyeza, akaiweka sikioni. "Bwana yangu anapiga misumari," akasema. "Pigeni baadaye." Akakata.

"Weee!" Aoko akasema kwa sauti ndogo.

Bisimwa akapiga msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipobaki mmoja akautoa mdomoni. "Alikuwa nani?"

"Sikuuliza," akasema Benedicte.

Alimtazama, akautazama msumari, akaupigilia.

Esperance alirudi Kasubi na begi tupu. Vitu vya mtoto alivitoa mwenyewe, akavikunja, akavipanga chini ya kitanda, mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa hakuna chini. Alipoondoka alimwambia shemeji yake kwamba na yeye kitanda chake kinalia, aje akiangalie. Bisimwa aliitikia ndiyo, akiwa hajui anaitikia nini, usingizi umemjaa machoni.

Walingoja gundi ikauke. Saa tisa alasiri Benedicte alipanda tena, akalala ubavu, akavuta, akasukuma kwa nguvu zote. Hakuna kilichosogea. Akajaribu kupitisha kidole, kidole kikakataa. Ndipo akamlaza Bénit chali mahali pake, bila mto, bila blanketi zito. Mtoto alirusha miguu mara mbili, akatazama dari, akalala. Mama yake alilala kabla yake, au pamoja naye, nani ajuaye, mkono wake umelala wazi kwenye shuka la mtoto.

Bisimwa alibaki amesimama. Nafasi yake ilikuwa upande wa ukutani, imeachwa wazi, shuka limenyooshwa. Alianza kupanda, kisha akakumbuka kitu, akarudi kwenye shati lake. Akaitoa simu. Akaitazama kidogo, akaona chaji imejaa na mtandao upo. Kisha akaizima, isije ikaita ikamwamsha mtoto. Ataiwasha jioni.